Kabla Shinikizo Halijawa la Damu

Mwaka jana nililipwa shilingi elfu tatu kutafsiri kijitabu cha mashine, na neno langu moja likaikwamisha mashine hiyo kwa siku mbili.

Mashine yenyewe ni ya kukamua mafuta, ya kutoka China, ya aina zile zinazopangwa mbele ya maduka ya Kirinyaga Road, barabara ambayo wazee wa town bado wanaiita Grogan. Ni chuma kizito kilichopakwa rangi ya kijani, kina bakuli la mbegu juu, mota ubavuni na mdomo mbele. Mwenye duka alikuwa amechoka kupigiwa simu na wateja wasioelewa kijitabu cha Kiingereza, ambacho nacho kilionekana kimetolewa kwenye Kichina kwa nguvu. Akanipata kupitia rafiki. Mimi huandika chochote kinacholipa: maelezo ya sabuni, hotuba za harusi, makala kama hii. Na kwa kuwa nilisoma uhandisi wa mitambo miaka miwili kabla karo haijanishinda, nilijiona ndimi mtu wa hiyo kazi.

Kijitabu kilikuwa na kurasa nne. Kwenye ukurasa wa pili palikuwa na agizo kuhusu nati kubwa ya mdomoni, ile inayopanua au kubana njia ya kutokea makapi. Nikaandika: kaza nati kabla ya kuanza kazi. Kilichotakiwa kilikuwa karibu kinyume chake, kwamba nati ilegezwe kwanza, ikazwe baadaye, kidogo kidogo. Nilikuwa nimeona neno "kaza" kwenye sentensi, nikalichukua, nikaacha mengine. Ilikuwa saa nane usiku na stima ilikuwa karibu kuisha kwenye tokeni.

Mteja wa kwanza kupata tafsiri yangu alikuwa mama mmoja wa Kawangware, upande wa Gatina, aliyekuwa ameweka hela za chama chake kwenye hiyo mashine. Alifanya kama nilivyoandika. Akakaza nati, akawasha mota, akajaza bakuli alizeti. Mota ikanguruma, mkanda ukaanza kunuka kuungua, halafu kimya. Akampigia mwenye duka, mwenye duka akanipigia mimi, na maneno aliyoniambia hayawezi kuchapishwa hapa. Nikapanda mat ya 46.

Nilifika nikakuta fundi ameshaifungua. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliona kitu nilichokuwa nimekitafsiri.

Ndani mna parafujo moja nene, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi ncha ya vidole. Limelala ndani ya kizimba cha vyuma vilivyopangwa kwa kubanana, na kati ya chuma na chuma pana ufa ambao hata ukucha haupiti. Parafujo likizunguka, meno yake yanasukuma mbegu mbele, kama kile kinu cha chuma cha kusagia nyama buchani. Tofauti ni kwamba huku kadiri mbegu zinavyoenda mbele, nafasi inapungua: kiini cha parafujo kinanenepa, meno yanakaribiana. Mbegu zile zile zinalazimishwa kuingia chumba kinachozidi kuwa kidogo. Kigumu hakina pa kwenda ila mbele. Kilicho maji maji kina njia nyingine, zile nyufa. Hapo ndipo vinapoachana. Mafuta yanadondokea chini, na mdomoni yanatoka mashudu, yamebanwa mpaka yamekuwa kama vigae vyembamba.

Kuna jambo moja ambalo mhadhiri wetu hakuwahi kulisema, au alilisema siku ambayo nilikuwa natafuta karo. Mbegu zikizunguka pamoja na parafujo, hakuna kinachosonga. Shika bolti na nati yake uzizungushe pamoja uone kama utakaza kitu. Ili parafujo lisukume, lazima mbegu ziwe kama nati iliyoshikwa na spana: zikatae kuzunguka. Na kinachozishikilia kwenye ukuta wa kizimba ni ganda. Lile ganda la alizeti ambalo mtu angedhani ni taka, ndilo linalokwaruza chuma na kukaa mahali pake. Ukimenya mbegu zote zikabaki kiini kitupu, zinageuka uji, uji unateleza na kuzunguka na parafujo, na mafuta hayatoki. Fundi aliniambia watu wa njugu karanga hurudishia maganda kidogo ndani kwa sababu hiyo.

Halafu kuna joto. Msuguano huo unachemsha kizimba chenyewe, na mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi, yanakimbia. Ndiyo maana mashine haifungwi mdomo ikiwa baridi. Unaanza mdomo ukiwa wazi, unatia mbegu konzi moja moja, makapi ya kwanza yanatoka yamelowa mafuta na unayarudisha juu. Chuma kikishapata moto, ndipo unaanza kukaza nati. Aliyekaza kabla, kama nilivyomwambia yule mama akaze, anazijaza mbegu kwenye chumba kisicho na mlango. Zilikuwa zimegandamana kama saruji. Fundi alizitoa kwa patasi na nyundo, kipande kwa kipande, siku mbili.

Siku ya pili nilirudi kusaidia, kwa aibu zaidi kuliko ujuzi. Mathe alikuwa ametulia kuliko nilivyostahili. Tulikuwa tunakwangua makapi pale nje ndipo akaniuliza, "Kwani hii kitu iliundwa na nani, mtu wa hasira hivi?"

Nilimjibu kwamba sijui. Makala hii ni jibu langu la kuchelewa.

Parafujo la kukamulia ni la zamani sana. Pliny, Mrumi aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, alilitaja kama jambo geni la enzi yake kwenye mashine za zabibu na zeituni. Katika karne hiyo hiyo Heron wa Alexandria, kule Misri, alieleza namna ya kuziunda, pamoja na kifaa cha kuchongea mikunjo ndani ya nati ya mbao, ambacho hadi leo ndicho kigumu kuliko vyote. Kitabu chake cha mitambo kwa Kigiriki kimebaki vipande tu. Tunacho kizima kwa sababu katika karne ya 9 Qusta ibn Luqa alikitafsiri kwa Kiarabu. Nikilisoma jina lake nilimwonea wivu kidogo: mtafsiri ambaye nati zake zilikaa sawa miaka elfu moja na zaidi.

Lakini parafujo hilo la kale lilikaa nje ya chakula. Kazi yake ilikuwa kushusha ubao mzito juu ya kikapu cha zeituni. Unakaza, mafuta yanatoka, unalegeza, unatoa makapi, unajaza tena. Inaaminika kwamba Gutenberg alichukua mashine ya namna hiyo ya kukamulia divai akaifanya ya kuchapia vitabu. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akaleta mashine inayosukumwa na nguvu ya maji, yenye uwezo mkubwa zaidi, ila mwendo ukabaki ule ule wa jaza, kamua, fungua, toa. Ilikuwa mpaka mwaka 1900, kule Cleveland, Ohio, ndipo Valerius Anderson akapata hataza ya mashine iliyotumbukiza parafujo ndani ya mbegu zenyewe. Sasa mbegu zinaingia upande huu, mashudu yanatoka upande ule, na hakuna kusimama. Aliiita Expeller, na mafundi wetu wengi bado wanaiita ekspela. Ile ya kijani ya Grogan ni mjukuu wake wa mbali.

Hiyo ni hadithi ya Ulaya na Marekani, na ningeishia hapo kama si lugha kunisumbua. Nilipokuwa nikitafsiri, nilihitaji jina la mashine na jina la kile chuma kinachozunguka. Chuma lilikuwa jambo rahisi. "Parafujo" ni neno la Wareno, walioijenga Fort Jesus mwaka 1593 na kufukuzwa mwaka 1698, wakatuachia meza, leso, gereza na parafujo. Jina la mashine ndilo lililonishangaza. Kwenye kamusi za zamani, za kina Madan na Johnson, lipo, limekaa kimya: shinikizo. Yaani chombo cha kukamulia mafuta ya mbegu, kinachozungushwa na ngamia.

Mimi shinikizo nililijua kuwa la damu. Au shinikizo la wabunge, la walimu wanaotaka mshahara, lile la kwenye taarifa ya habari ya saa moja. Kumbe kabla ya mshipa na kabla ya bunge kulikuwa na mti.

Shinikizo la pwani lilikuwa kinu kikubwa cha gogo, kimesimikwa ardhini, na ndani yake mchi mzito ulioegemea pembeni. Mchi ulifungwa kwenye boriti ndefu, boriti ikafungwa kwa ngamia aliyezibwa macho, akizunguka siku nzima ndani ya kibanda. Mchi ukiviringika unazibana mbegu za ufuta kwenye ukuta wa kinu mpaka mafuta yanaachana na makapi. Palikuwa na mashine hizi Lamu, Mombasa na Unguja, na ndugu zake ziko Yemen, Sudan na hata India, ambako badala ya ngamia hufungwa ng'ombe. Ukiitazama vizuri, inafanya ile kazi ya ekspela: inazungusha, inabana, haifunguliwi kila dakika. Haina tu mikunjo ya chuma. Na kila jikoni palikuwa na shinikizo dogo, kile kifumbu cha ukili ambamo mpishi anakamua nazi iliyokunwa, tui likapita kwenye mianya na chicha ikabaki ndani. Mtu wa Mombasa hahitaji mhandisi wa kumweleza kwamba kigumu hubaki na cha maji hupita.

Kwa hiyo kukamua hatukufundishwa na mgeni. Tulichonyang'anywa ni mbegu. Katika miaka ya 1840, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1844 kati ya Ufaransa na Zanzibar, wafanyabiashara wa Marseille walianza kuununua ufuta wa pwani yetu, baadaye na mbata. Viwanda vyao vya mafuta na sabuni vilikuwa na njaa. Ufuta wa Lamu ulipakiwa ukiwa mbegu nzima, na maana yake ni kwamba mafuta yalikamuliwa kule, mashudu yakalisha ng'ombe wa kule, na sabuni ikarudi huku kuuzwa. Sidhani ngamia wa Lamu alihisi lolote. Lakini ukiuza mbegu umeuza na kazi yote iliyo ndani yake, na hilo ni jambo ambalo wanahistoria wa bei na meli hulipita haraka.

Mchezo ule ule ukarudi kwa ukubwa wa kutisha baada ya Vita vya Pili. Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, ikaamua kufyeka Tanganyika na kupanda karanga: Kongwa, Urambo, Nachingwea. Waliokabidhiwa kuanza ni United Africa Company, tawi la Unilever. Kongwa ardhi ilikuwa ngumu kuliko matrekta na mvua ilikuwa na ratiba yake. Mwaka 1951 mradi ukazikwa, ukiwa umekula takriban pauni milioni 36. Husimuliwa kama kichekesho cha wazungu na matrekta yao. Mimi naona hata ungefaulu, karanga zingepanda meli.

Nairobi iliingia kwenye hadithi hii kupitia Industrial Area. Kampuni ya East Africa Industries, iliyokuwa mkononi mwa Unilever, ndiyo iliyotufundisha kupika kwa Kimbo na Cowboy na kupaka Blue Band. Mkebe ukiisha mafuta uliingia sokoni kupima mahindi na maharagwe, na mpaka leo nenda Kawangware sokoni uone gorogoro ni nini. Mkebe umeishi kuliko mafuta yake. Kiwanda kikubwa kilimaanisha mbegu zitoke shambani zije mjini, na mafuta yarudi shambani yakiwa na bei ya mjini. Mkulima wa alizeti akabaki mteja.

Kuna watu walijaribu kugeuza hiyo njia. Katikati ya miaka ya 1980, kule Tanzania, mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg alibuni mashine ya mkono ya kukamua alizeti. Haina parafujo kabisa. Ina mkono mrefu wa chuma unaoushusha na kuupandisha, na kila ukiushusha, chuma kinasukumwa ndani ya silinda ndogo na kubana mbegu. Nilijiuliza kwa nini aliacha parafujo ambalo lilikuwa limeshashinda dunia. Jibu liko kwa fundi yeyote wa jua kali: parafujo zuri linataka chuma kigumu na mashine ya kukereza, na likishalika meno huwezi kulifufua kwa kuchomelea kiholela. Mkono na silinda vinaweza kutengenezwa na karakana ndogo. Mwaka 1991, hapa Nairobi, Martin Fisher na Nick Moon wakaanzisha ApproTEC, shirika ambalo baadaye liliitwa KickStart, na miongoni mwa mashine walizouza ni moja ya ukoo huo, wakaipa jina Mafuta Mali. Wazo lilikuwa mama kijijini akamue mwenyewe, auze mafuta jirani, mashudu yalishe kuku na ng'ombe palepale.

Mashine hiyo iliuzwa, watu walipata riziki, lakini shirika likaja kujulikana zaidi kwa pampu za maji za kukanyaga. Nadhani sababu kubwa ilikuwa bandarini. Miaka ileile ya 1990 soko lilifunguliwa, na mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia yakawa yanaingia Mombasa kwa meli. Hadi sasa sehemu kubwa ya mafuta tunayopikia Kenya ni hayo. Hapo napo pana kejeli: mchikichi ni mti wa Afrika Magharibi. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa kwenye bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, na kutoka kwa uzao wake yakaota mashamba makubwa ya huko. Leo matunda yale yanakamuliwa na maparafujo mawili yanayozunguka sambamba, yanasafirishwa bahari nzima, yanafika Kangemi kwenye kibanda cha chipo. Wakati huohuo watu wa Kigoma na Burundi bado wanayakamua mawese yao wenyewe kwa mapipa yenye parafujo la wima, wanaume wawili wakizunguka kama yule ngamia.

Ndiyo soko ambamo yule mathe wa Gatina ameingia na mashine yake. Alizeti ananunua Nyamakima kwa gunia. Kilo 100 za mbegu nzuri hubeba mafuta kama kilo 40 hivi, lakini mashine ndogo haikupi yote. Ukipata 30 umefanya vizuri, na mengine yanabaki yamejificha kwenye mashudu. Nilimwonea huruma nilipoyasikia hayo. Yeye akanicheka. Mashudu ananunuliwa na wafugaji wa Dagoretti na Kikuyu, wanakuja na pikipiki kabla hajayafagia, na ng'ombe anayependa mashudu yenye mafuta hailalamikii mashine. "Mafuta yananilipia mbegu," aliniambia. "Mashudu ndiyo yananilipia stima." Mafuta yenyewe anayaacha kwenye mitungi siku kadhaa yatue, kisha anayachuja kwa kitambaa. Hawezi kushindana na bei ya mafuta ya kupimiwa ya dukani, na hajaribu. Anawauzia watu wa Lavington na Kileleshwa wanaotaka kitu kilichokamuliwa bila dawa, na majirani wachache ambao, anasema, walikulia Magharibi na wanakumbuka ladha.

Fundi aliporudisha kizimba, tuliiwasha nati ikiwa imelegezwa kabisa. Makapi ya kwanza yalitoka mabichi, yanang'aa mafuta. Mathe akayarudisha juu kwa kijiko cha mbao. Baada ya kama robo saa aliweka kiganja karibu na chuma, hakukigusa, akasema kimekubali, akakaza robo mzunguko. Nyufa zikaanza kutoa jasho, halafu matone, halafu uzi mwembamba wa mafuta. Akavunja kipande cha mashudu, akakitazama unene wake, akakaza tena kidogo. Hakuna kijitabu kilichokuwa na hiyo habari ya kuvunja mashudu, si cha Kichina, si cha Kiingereza, si changu.

Nilimsimulia habari za ngamia wakati tunangoja mtungi ujae. Aliuliza swali moja tu: kama ngamia alikuwa analipwa na mashudu. Nikamwambia nadhani ndiyo, alikuwa anayala.

Kesho yake nilipeleka kijitabu kipya Grogan, bila malipo. Nilikuwa nimeandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, "Shinikizo la Mafuta: Maelekezo." Mwenye duka akalisoma, akaniuliza kama nataka wateja wafikiri mashine inaleta presha. Akalikata kwa kalamu nyekundu na kuandika "Mashine ya Mafuta." Ukurasa wa pili hakuugusa. Unasema: legeza nati kabisa kabla ya kuwasha, tia mbegu kidogo, ngoja chuma kipate moto, ndipo ukaze, robo mzunguko kwa wakati, huku ukivunja mashudu kuangalia unene wake.